Vijiko Sitini

Liepāja, ghorofa ya nne, baridi ya mwaka ule,
upepo wa Baltiki ukigonga dirisha kama mtu anayedai deni lake,
kaka yangu Ģirts alileta diski isiyo na jalada,
imeandikwa kwa wino neno moja: DUNIA.

Mchezo wote ulikuwa Kijerumani. Sisi hatukukijua.
Tulikuwa na kamusi ya bibi, iliyonyofoka kurasa za herufi S,
na kumbe kwa Kijerumani upanga huanza na S,
ngao huanza na S, ufunguo, hazina,
na neno la kuhifadhi, ambalo hatukujua kwamba lipo.

Basi kila jioni tuliamka upya
kwenye sakafu ya kinu, unga kwenye nyusi,
mwanamke ameinama juu yetu
akisema sentensi ileile.
Tuliikariri bila kuielewa, kama watoto wanavyokariri sala.
Ģirts aliisema akipiga mswaki.

Mgeni ni kuku mweupe, wanasema.
Sisi tulimpiga kuku mweupe, kwa bahati mbaya,
tukitafuta kitufe cha kuinama,
na kijiji kizima kikatufukuza kwa uma za nyasi
hadi mtoni.

Mtoni palikuwa na mbwa mwitu mmoja.
Mmoja tu.
Alituua mara kumi na moja.

Kwa kuwa hatukujua chenye thamani, tulibeba vyote:
vikapu, vipande vya mishumaa, ufagio,
vijiko vya kila nyumba ambayo mlango wake ulikubali,
hata mtu wetu akashindwa kukimbia,
akawa anatembea polepole
kama aliyetumwa kupeleka habari ya msiba.
Kutupa? Nani angetupa kijiko,
na bado hatujajua kinafungua nini?

Mara ya kumi na mbili tulimkwepa mbwa mwitu,
tukauzunguka mlima kwa mguu, usiku tatu za kweli.
Kompyuta hatukuizima. Tuliifunika shuka
kama kizimba cha kasuku, nayo ikanguruma humo mpaka asubuhi.

Usiku wa tatu mlima ukaisha.
Chini palikuwa na bonde, na theluji, na taa moja ya buluu
ambayo hakuna aliyetutuma kwake.
Mama aliingia kutoka kiwandani, ananuka dagaa wa moshi,
koti lina vifungo viwili vilivyofunguliwa na vitatu bado.
Akauliza, "Wapi huko?"
"Hatujui."
Akakaa ukingoni mwa kitanda, na koti lake,
na hakuna aliyesogeza kipanya kwa muda mrefu.

Pasaka alikuja binamu Aivis, wa Riga.
Akacheka vijiko vyetu. Akabonyeza kitufe kimoja
na dunia ikakubali kungoja.
Akatuonyesha duka, farasi, njia ya mkato.
Kufikia Mei tulikuwa na deraya ya chuma
na yule mbwa mwitu alikufa kwa pigo moja,
akalia kidogo, kama mlango.
Baada ya hapo tulishinda sana, nadhani.
Sikumbuki.

Ģirts sasa anachuma uyoga Ayalandi.
Jumapili ananipigia simu. Wiki ya kwanza alisema:
"Niliamka hapa, mwanamke ameinama, ananiambia kitu,
sikushika hata neno.
Nikatamani kuangalia mfukoni nina vijiko vingapi."
Nikamwambia apite nyuma ya mlima.
Akasema hapa hakuna mlima, ni mvua tu.

Kijerumani nilikuja kujifunza, ukubwani, kwa ajili ya kazi.
Siku moja, nikivuka reli ya tramu, sina hili wala lile,
sentensi ya kinuni ilijifungua yenyewe kichwani.
Miaka yote tulidhani ni unabii.
Alikuwa akisema:
"Funga mlango, jamani, baridi inaingia."